Wazazi wa tenisi Dar: namba ya mtoto inahesabu nini hasa

Ukikaa kwenye mabenchi ya wazazi pale klabu ya Gymkhana Jumamosi asubuhi, kabla hujaulizwa mtoto anasoma wapi utaulizwa, "Wako ni namba ngapi duniani?" Wengi wetu watoto wetu hawana namba yoyote ya dunia, kwa hiyo swali linachoma bure. Mimi nimekalia mabenchi hayo tangu binti yangu anachezea mipira myekundu ya watoto wadogo. Sasa yuko sekondari na ana pointi zake chache za kimataifa, na hesabu za kuzipata nazijua vizuri kwa sababu pesa imetoka mfukoni mwangu. Namba ile inapima vitu viwili kwa mpigo, uwezo wa mtoto na safari alizosafiri. Sisi wa Dar tusipotenganisha hivyo viwili, tunakata tiketi ambazo hazikuwa na sababu.

Twende kwenye yenyewe. Orodha ya vijana ya Shirikisho la Tenisi la Kimataifa, ITF, ni moja kwa wavulana na moja kwa wasichana. Mtoto anaruhusiwa kuanza akitimiza miaka 13, na anamaliza mwisho wa mwaka ambao anatimiza 18. Hakuna orodha ya chini ya 14 wala chini ya 16 humo ndani: binti wa miaka 14 anahesabiwa pamoja na dada zake wa miaka 17 wenye mabega. Ukiona mtoto wa miaka 14 yuko nafasi ya elfu mbili na kitu, usimcheke. Umri wake bado unamruhusu.

Mashindano yamepangwa kwa madaraja ambayo majina yake yanajieleza: J30, J60, J100, J200, J300, J500. Ile tarakimu ndiyo pointi anazopata bingwa wa mchezaji mmoja mmoja. Juu yake kuna Grand Slam za vijana, yaani yale mashindano manne makubwa kama Wimbledon, ambako bingwa hupata 1,000. Ngazi ya chini, J30, ndiyo tunayoishi sisi, na mgao wake nauimba kama sala: bingwa 30, mshindi wa pili 18, aliyefika nusu fainali 9, robo fainali 5, kumi na sita bora 2. Ukitolewa raundi ya kwanza, unarudi nyumbani na sifuri na risiti ya hoteli.

Halafu inakuja sehemu ambayo wazazi wengi hawaijui. Mtoto hajumlishiwi kila alichovuna. Yanachukuliwa matokeo yake sita bora ya mchezaji mmoja mmoja, kisha inaongezwa robo ya pointi za matokeo yake sita bora ya wawili wawili, basi. Chukua mfano wa msichana aliyecheza J30 nyingi mwaka mzima. Sita bora zake ni nusu fainali moja, robo fainali mbili, na mara tatu kumi na sita bora. Hiyo ni 9, jumlisha 10, jumlisha 6, inakuwa 25. Tuseme kwenye wawili wawili sita bora zake zimefika pointi 24. Robo yake ni 6. Jumla 31. Sasa mwenzake amesafiri mara moja tu, akashinda J30 hiyohiyo moja, ana 30 kwa mkupuo. Wako bega kwa bega kwenye orodha, ila mmoja ametumia nauli ya mara sita au zaidi.

Kwa hiyo mzazi anayekwambia "tunakwenda tu tukusanye pointi" mwulize anakusanya vipi. Safari ya saba inayoleta 2 nyingine haiongezi kitu kama tayari una sita zenye 2 au zaidi. Pointi hizo hazina mahali pa kukaa. Jambo lenye maana ni mtoto awe na uwezo wa kushinda mechi tatu au nne mfululizo katika wiki moja, na uwezo huo unatengenezwa hapahapa Dar, kwenye mazoezi na mashindano ya ndani, kabla ya kwenda kuuonyesha nje.

Na pointi zina tarehe ya kufa. Kila moja inaishi wiki 52, kisha inafutika, na orodha mpya hutoka kila wiki. Akishinda Nairobi Januari, Januari inayofuata zile pointi zinaondoka hata kama yeye yuko nyumbani anajiandaa na mitihani. Nimewaona wazazi wakilia namba "imeporomoka" wakati mtoto hajapoteza hata mechi moja. Kwa watoto wa shule zetu, ambako mwaka wa mtihani wa taifa hauna mzaha, mimi nashauri uangalie kalenda mapema: kama kidato cha pili au cha nne kinakuja, kubali tangu mwanzo kwamba namba itashuka, mwambie na mtoto, msiifukuzie.

Kitu kingine kinachopunguza pointi za watoto wa Dar hakipo kwenye kanuni yoyote. Ni mwinuko. Sisi tunacheza usawa wa bahari, kwenye hewa nzito yenye jasho. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, Kigali iko juu pia, na mpira kule unaruka kama umetiwa wazimu. Binti yangu alipopiga forihendi zake za kawaida siku ya kwanza kule, zilikuwa zinatua nje ya mstari wa nyuma kwa hatua nzima, na yeye akawa anaangalia raketi kana kwamba imebadilishwa usiku. Kocha alimwambia azungushe mpira zaidi na akaze nyuzi kidogo. Siku ya tatu ndipo alipoanza kuuweka ndani. Mtoto akitua jioni na kucheza mchujo asubuhi yake, siku hizo tatu hana. Bora uende mashindano machache na kuwahi, kuliko mengi ya kukimbizana. Kama kuna J30 mbili zinazofuatana mji mmoja, hizo ndizo za kwenda: nauli moja, na wiki ya pili mwili umeshazoea.

Kupanda daraja nako kuna hesabu yake. Robo fainali ya J60 ina pointi 10, yaani inaizidi nusu fainali ya J30. Inashawishi. Ila kuingia kunategemea namba uliyonayo siku majina yanapofungwa, na watoto wa J60 wamekomaa zaidi. Kanuni ya kocha wetu, ambayo nimeikubali: mtoto abaki J30 hadi afike nusu fainali bila kubahatisha, ndipo ajaribu juu.

Sasa, kama namba ya dunia inapima na safari, mtoto asiyesafiri tumpime kwa nini? Kuna vipimo viwili ambavyo havijali umetoka wapi, na watu hapa wanavichanganya kila siku. Kimoja ni UTR (Universal Tennis Rating), kinachoanzia 1 hadi 16.5, na kubwa ndiyo nzuri. Cha pili ni World Tennis Number ya ITF, kinachoanzia 40 kwa anayeanza hadi 1 kwa magwiji, kwa hiyo ndogo ndiyo nzuri. Niliwahi kumsikia baba mmoja akimsifia mwanawe kwa "kupanda" kutoka 24 hadi 27. Nilinyamaza. Hakuwa mtu wangu wa karibu.

Vyote viwili vinaangalia umecheza na nani na imekuwaje, siyo umefika raundi gani. UTR inahesabu hata gemu: ukifungwa 6-4, 6-4 na mtu aliyekuzidi mbali, kipimo kinaweza kupanda. Ukimshinda dhaifu 7-6, 7-5, kinaweza kushuka. Makocha wa vyuo vya Marekani huiangalia sana UTR, na kama ndoto ya nyumba yenu ni ufadhili wa masomo huko, basi hapo ndipo pa kuweka jicho kuliko kwenye nafasi ya 1,900 au ya 1,600. Lakini mechi isiyoandikishwa haihesabiki. Baada ya shindano lolote la ndani, uliza kwa adabu kama matokeo yatapelekwa kwenye mfumo. Sisi tuliwahi kucheza wikiendi nzima shindano zuri, mechi za nguvu, na matokeo yakaishia kwenye karatasi ya ukutani.

Kwa wale wa watoto chini ya miaka 10 wanaoniuliza namba kwenye simu: pumzikeni. Baba yake Serena Williams alimtoa kwenye mashindano ya vijana mwaka 1991, akiwa na miaka tisa au kumi, wakati binti huyo ndiye wa kwanza kwa umri wake Florida. Sisemi kila mtu afanye hivyo, yule baba alikuwa na mipango yake. Nasema tu namba ya mtoto wa darasa la tatu haimdai mtu chochote.

Shindano la wawili wawili nalitetea kila nikipata nafasi. Wazazi wengi wa hapa huwaondoa watoto mapema wawahi basi la usiku. Ndiyo, inahesabiwa robo tu. Ila mtoto aliyetolewa Jumatatu anabaki na mechi, anajifunza voli na kurudisha sevu, na anapata mwenza kutoka nchi nyingine. Jirani yetu Angella Okutoyi wa Kenya alitwaa taji la Wimbledon la wasichana mwaka 2022 kwa wawili wawili, pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi.

Ukishaamua kuanza, jambo la kwanza ni IPIN, namba ya usajili ya ITF ambayo bila hiyo mtoto haingii shindano lolote la ITF. Andika majina kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, hata kama shuleni anaitwa vingine. Ongea pia na chama cha tenisi cha taifa mapema, na kadi ya homa ya manjano iwe kwenye begi la raketi, siyo kwenye droo nyumbani Mbezi.