Elfu mbili ni za karata, zilizobaki ni zako

Ujumbe uliingia saa nane na dakika arobaini usiku, bila hata salamu. Kijana wa Roysambu anacheza poka ya mtandaoni kwenye meza za senti 2 na 5, ambazo ni dau mbili za lazima za kila mgao: blaindi ndogo na blaindi kubwa. Usiku huo zimemtoka dola 40, na anataka kujua kama tovuti inamwibia. Dola 40 ni kama shilingi 5,200 ukikadiria dola kwa 130. Kwa mtu anayelipia bedsitter, hiyo ni tokeni za stima, unga na nauli ya wiki.

Poka ninayoizungumzia ni Texas Hold'em, tafadhali, ile ya karata mbili mkononi na tano za wote mezani, si ile kadi ya hosteli ambapo mtu anagonga meza na kutangaza "niko kadi". Ile ukishindwa unaosha vyombo, basi.

Nilimwomba historia ya mikono yake, lile faili ambalo programu huhifadhi kwa kila mkono, yaani kila mgao wa karata, na namba yake. Hesabu yote imo humo. Dola 15, yaani staki tatu kamili za dola 5 (staki ni pesa unayoingia nayo mezani), ziliondoka katika mikono 380. Kisha, saa saba na nusu, alihamia meza ya senti 10 na 25 akaingia na dola 25. Hizo zilidumu dakika 11. Hizi ni hasara mbili ambazo hazina undugu, na anayezijumlisha atajilaumu mahali asipostahili lawama, kisha ajisamehe mahali anapostahili.

Tuanze na hizo 15. Kwenye meza za watu sita, mkengeuko wa kawaida wa matokeo, yaani kiasi yanavyopanda na kushuka kando ya wastani, ni kama blaindi kubwa 80 hadi 100 kwa kila mikono 100. Mchezaji mzuri wa viwango vidogo, anayevuna blaindi 5 kwa mikono 100, akicheza mikono 380 atapoteza staki tatu au zaidi karibu usiku mmoja kati ya thelathini. Ukikaa mezani siku tano kwa wiki, hilo litakupata takriban kila wiki sita bila kosa lolote upande wako. Hata baada ya mikono 10,000, mchezaji huyo huyo anaweza kabisa kuwa chini ya alikoanzia.

Mkono uliomuuma zaidi ni huu. Ana esi mbili, hana ya kopa. Karata tatu za kwanza mezani ni tisa ya kopa, sita ya kopa na mbili ya pau. Pesa zote zinaingia. Mwenzake anafunua kingi na jeki za kopa, na kopa inaanguka kwenye karata ya mwisho: kopa tano, zinazopiga esi mbili. Kijana aliandika "haiwezekani" mara tatu. Inawezekana sana: zimebaki kopa tisa kwenye karata 45 asizoziona yeyote kati yao, na nafasi ya angalau moja kutokea kwenye karata mbili zilizosalia kufunuliwa ni karibu asilimia 36. Usiku wenye mikono mitatu ya namna hiyo, mmoja kuupoteza ndiyo kawaida. Kuhusu wizi, tazama tovuti yenyewe inakula wapi. Kwenye poti (dau zote zilizokusanyika) ya dola 10, makato kwa kawaida ni kama senti 50, ashinde nani ashinde nani. Tovuti yenye leseni inataka uendelee kucheza. Nani anachukua poti haiihusu.

Lakini ndani ya hizo 15 kulikuwa na dola 3 ambazo hazikuwa za karata. Ana esi na jeki, jeki iko mezani, na poti imefika dola 4. Mpinzani ameita tu, yaani amelipa dau bila kuongeza, ameita tu tena, halafu kwenye karata ya mwisho anasukuma dola 3 zake zote. Kuita dola 3 ili upate 7 kunakudai ushinde zaidi ya asilimia 30 ya mara hizo. Mtu mpole wa meza za senti 5 anayeamka ghafla mwishoni hana blafu, yaani kutishia bila karata, kiasi hicho. Tupa karata. Kijana aliita kwa sababu alikuwa ameshapoteza zile esi robo saa kabla, na hilo ndilo jina la ugonjwa: kuchemka. Kuchemka si lazima upige kelele au uvunje kipanya cha kompyuta. Mara nyingi ni mtu ametulia tuli, anabonyeza kitufe cha kuita kwa sababu amechoka kutupa.

Sasa zile 25. Hapa sina huruma. Alipanda kiwango mara tano ya kile alichozoea ili arudishe 15 kwa mkono mmoja. Akaenda kwa watu wakali zaidi, staki moja tu mfukoni, usiku ambao kichwa chake kilikuwa kimeisha. Hesabu ya kurudisha iko hivi. Blaindi 5 kwa mikono 100, kwenye meza ya senti 5, ni senti 25. Ukifungua meza tatu unapata kama mikono 225 kwa saa, yaani senti 56, shilingi sabini na kitu. Dola 15 zinarudi kwa saa 27 za mchezo mzuri. Dola 40 zinarudi kwa saa 71. Dakika 11 zilimgharimu saa 44 za kazi, na nasema kazi kwa makusudi, kwa sababu malipo yenyewe ni chai na chapati mbili kwa saa.

Usiku wenyewe ukiharibika, kuna mambo machache ya kufanya na yote yafanywe haraka. Kikomo cha staki tatu kiwe kimewekwa kabla ya kuketi, kwenye karatasi, na ule mpangilio wa kujaza staki yenyewe uzimwe kabisa. Ukiwa umewashwa unapoteza staki ya nne kabla hujajua ya tatu imekwisha. Ukifika kikomo, weka alama ya kuketi nje, yaani kutogawiwa karata, kwenye blaindi kubwa inayofuata katika meza zote, halafu funga programu, usiipunguze tu pembeni. Usimwandikie aliyekushinda. Nenda kwenye sehemu ya malipo upunguze kikomo chako cha kuweka pesa: kwenye tovuti nyingi zenye leseni, kukipunguza huanza papo hapo, lakini kukiongeza hungoja muda. Huo muda wa kungoja ndio rafiki yako. Na ile M-Pesa iliyobaki, ihamishie mahali PIN moja haitoshi kuitoa. Akiba ya kufungia ya M-Shwari, ambayo hufungwa kati ya mwezi 1 na 6, inafaa.

Halafu lala. Ukichambua mikono saa tisa usiku utajidanganya. Saa nane za usiku hapa, London ni saa sita wakati wa kiangazi chao. Wenzako mezani wanamaliza jioni, wewe uliamka saa kumi na moja kuwahi matatu ya Thika Road.

Asubuhi, au bora jioni inayofuata, chukua mikono mitano mikubwa zaidi, si zaidi ya hiyo. Kwa kila mmoja andika: pesa ziliingia nikiwa na asilimia ngapi? Vikokotoo vya bure kama Equilab vinakupa jibu kwa sekunde. Palipo juu ya nusu, andika "karata" na uendelee. Pale ulipoita huku nafasi yako ya kushinda hailipi bei ya kuita, andika kiasi cha dola na sababu uliyojipa wakati ule, hata kama inakuaibisha. Baada ya usiku kumi hivi, ile orodha ya sababu itaonyesha sababu ileile ikijirudia. Wengi hukuta ni ile ya kuita mwishoni.

Mtaji nao useme ukweli. Staki 30 hadi 50 ndiyo kinga. Kwa meza ya dola 5 hiyo ni shilingi 19,500 hadi 32,500 ambazo zikipotea kodi bado inalipwa. Mwenye elfu kumi akae meza ya senti 1 na 2, ambako staki ni dola 2 na atakuwa na kama 38. Najua inaonekana aibu kupigania senti. Aibu kubwa zaidi ni Fuliza, mkopo wa M-Pesa ambao hutoza ada kila siku mpaka uulipe. Hakuna mchezaji wa senti 5 anayeshinda kasi hiyo.

Na kama pesa tayari ni ya mkopo, au ya karo, au unamficha mke, basi haya yote ya staki na asilimia hayakuhusu leo. Piga 1199, laini ya ushauri ya Kenya Red Cross, ni bure, uongee na mtu kabla ya kuongea na karata.

Kijana nilimjibu arudi baada ya siku tatu, meza moja, dakika 40, simu ikiwa imewekewa kengele na kuachwa chumba kingine ili lazima ainuke kuizima. Ameuliza kama anaweza kucheza meza mbili. Moja.