Maswali ya Wasomaji: Je, Hori la Tudor Litapona?

Mwezi huu tumechagua barua tatu, zote zikihusu maji yanayoizunguka Mombasa. Ya kwanza, inayohusu hori la Tudor, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, tumeijibu kwa urefu kwa sababu nyingine mbili zinaitegemea.

SWALI: Mhariri, Assalamu alaykum. Sisi ni kikundi cha vijana na akina mama wa Mikindani. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi twateremka ukingoni mwa hori la Tudor kuzoa chupa, nepi na matambara. Wiki mbili baadaye ukingo warudi vilevile, na maji yenye harufu mbaya yaendelea kutiririka kutoka mtaroni. Wazee wetu watuambia kwamba zamani walikuwa wakivua kamba papo hapo. Je, twapoteza wakati? Na huu ushirikiano wa serikali na wananchi tunaohubiriwa kila mwaka, maana yake hasa ni nini? — Mwanakikundi, Mikindani

JIBU: Wa alaykumu salaam. Wakati wenu haupotei, lakini nitakuwa nimewadanganya nikisema kwamba uzoaji wa taka peke yake utaliponya hori. Kinacholiua zaidi hakiokotwi kwa mkono wala hakitiwi guniani, nacho ni majitaka ya vyooni na ya kufulia yanayoingia bila kusafishwa. Majitaka hayo huja na naitrojeni na fosforasi kwa wingi. Mwani hushiba, hutanda, na unapokufa vijidudu vinavyouozesha hutumia oksijeni iliyomo majini hadi samaki na kamba wakakosa pumzi. Kamba wa wazee wenu hawakufukuzwa na chupa.

Hori lina bahati moja ambayo ziwa halina. Mara mbili kwa siku maji hujaa na kupwa, na wakati wa bamvua, yaani siku za maji makuu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3, kwa hivyo maji mengi hutoka kwenye mlango ulio baina ya Mji wa Kale na Nyali, na mengine mapya yakaingia. Lakini upande wa ndani, kuelekea inakoingia mito ya Kombeni na Tsalu, maji hukawia, na siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, uchafu huenda hatua chache kisha ukarudi. Bahari hutufulia kila siku, nasi twatia doa jipya kabla nguo haijaanikwa.

Ndiyo maana mahali ambapo maji yaliyochafuka yamepona, kazi ilianzia kwenye mdomo wa bomba. Ziwa Washington, lililo kando ya jiji la Seattle nchini Marekani, lilikuwa likipokea maji ya mitambo kadhaa ya majitaka hadi likajaa mwani. Mwaka 1958 wakazi wa jiji hilo na miji jirani walipiga kura kuamua kama waunde mamlaka moja ya kushughulikia majitaka na wakubali kuilipia. Mara ya kwanza pendekezo lilianguka. Likarekebishwa, na miezi michache baadaye likapita. Kati ya 1963 na 1968 majitaka yaliondolewa ziwani hatua kwa hatua, na katika miaka ya 1970 maji yakawa maangavu tena. Sehemu kubwa ya majitaka hayo ilielekezwa kwenye mkono wa bahari uitwao Puget Sound, na hapo ndipo sisi wa pwani hatuwezi kuwaiga, kwa kuwa huo mkono wa bahari wa kupelekewa uchafu wa wengine ndio tunaoishi kando yake.

Kwa upande wa majumbani, mfano ninaoupenda zaidi unatoka Ziwa Biwa, Japani. Mwaka 1977 maji ya ziwa hilo, wanalolitegemea watu wengi kwa maji ya kunywa, yaligeuka mekundu kwa wingi wa mwani. Akina mama wa nyumbani waligundua kwamba sabuni za unga walizokuwa wakifulia zilikuwa na fosforasi, wakaanza kuzikataa na kuhimizana kutumia sabuni ya kawaida, nyingine ikitengenezwa kwa mafuta yaliyokwisha kukaangiwa. Kufikia 1979 serikali ya mkoa wa Shiga ilikuwa imepitisha sheria ya kupiga marufuku uuzaji na utumiaji wa sabuni zenye fosforasi mkoani humo. Tazameni mpangilio wake: wananchi walianza na kile kilicho mikononi mwao, kisha serikali ikafanya kile ambacho ni serikali pekee inayoweza kukifanya, yaani kutunga sheria inayomfunga hata asiyetaka.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako la pili. Kifungu cha 69 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu wajibu wa kushirikiana na vyombo vya dola na watu wengine katika kuyalinda mazingira, lakini kinaiwajibisha dola vilevile, ikiwemo kuhimiza wananchi washiriki katika usimamizi wake. Kwa maoni yangu, tumeuchukulia ushirikiano huu kuwa ni siku ya kuvaa fulana mpya, kupiga picha na mgeni rasmi na kugawana glavu. Ushirikiano wa kweli ni kugawana kazi. Nyinyi hamwezi kulaza mabomba chini ya barabara, wala kupanua mtambo wa majitaka wa Kipevu, wala kumfungia mwenye kiwanda. Pale Makupa, kati ya kisiwa cha Mombasa na bara, tuta lililojengwa enzi ya ukoloni lilizuia maji kupita kwa miaka mingi, na hakuna kikundi cha mtaa ambacho kingeliondoa. Ilibidi serikali ijenge daraja, likafunguliwa 2022, ndipo maji yakapata njia chini yake. Kwa upande mwingine, afisa aliyekaa ofisini hajui ni mtaro gani unaofunguliwa saa nane za usiku mvua inaponyesha, wala ni gari gani la kunyonya choo linalomwaga mzigo wake kichakani badala ya kuufikisha mtamboni. Nyinyi mnayajua hayo.

Kwa hivyo nashauri kwamba baadhi ya Jumamosi zenu mziache gunia nyumbani, mchukue daftari. Tembeeni ukingoni maji yakiwa yamekupwa, mwandike kila mdomo wa mtaro na wa bomba: uko wapi, watoa maji ya rangi gani, saa ngapi, na kama hutoa hata siku za kiangazi, maana mtaro wa mvua unaotiririka jua likiwaka mara nyingi huwa umeunganishwa na choo cha mtu. Baada ya miezi mitatu mtakuwa na ramani. Ukusanyaji wa taka na huduma za maji na majitaka ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, na makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa mbele ya bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Basi ramani hiyo ifikeni nayo kwenye vikao vya maoni ya wananchi kabla ya hapo, si Juni mambo yakiwa yamekwisha. Mkitaka kujua kama kiwanda au jengo fulani lina leseni ya kumwaga maji yake na vipimo vyake vinasemaje, andikeni barua mkitumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, inayoitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21.

SWALI: Tulipewa miche ya mikoko tukaipanda kwenye matope karibu na Jomvu. Zaidi ya nusu imekufa. Wengine wasema ni uchafu, wengine wasema ni hasadi. — Mvuvi, Jomvu Kuu

JIBU: Hasadi siwezi kuipima, lakini ningeanza kwa kuuliza ni miche gani iliyopandwa wapi. Wazee wavuvi wajua kwamba, katika aina za mikoko, mlilana hukaa mbele kabisa, miguu yake majini, mkoko wenyewe hufuata nyuma, kisha mkandaa, na mchu hustahimili hata pale juu penye chumvi kali. Mara nyingi wafadhili huleta mkoko kwa kuwa mbegu yake ndefu ni rahisi kuokota na kuchomeka, nao hupandwa kwenye tope tupu la mbele ambako mawimbi na chaza huumaliza. Sababu ya pili ni udongo unaoletwa na mito. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kwenye hori la Mwache, ukafunika mizizi ya kupumulia, na mikoko mingi ikafa imesimama. Dawa ya hilo iko juu ya mito, mashambani, kwa hivyo mvuvi wa Jomvu na mkulima wa huko bara wana haja ya kikao kimoja, na jumuiya za watumiaji maji zinazotambuliwa na Sheria ya Maji ya 2016 ndizo mahali pake. Kabla ya kupanda tena, fanyeni safari hadi Gazi, Kwale, ambako tangu 2013 wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wanahifadhi hekta 117 za mikoko kwa makubaliano na serikali na kuuza hati za hewa ya ukaa inayofyonzwa na mikoko hiyo, na mapato yamesaidia maji na shule za kijiji.

SWALI: Je, mtu wa kawaida aweza kwenda mahakamani kwa sababu ya maji machafu, ilhali hajaugua wala hajafiwa? — Mama wa watoto watatu, Kisauni

JIBU: Ndiyo, Bi. Kifungu cha 70 cha Katiba kinasema wazi kwamba mlalamikaji hahitaji kuonyesha hasara au madhara yaliyompata yeye mwenyewe. Kesi ya mtaa wa Owino Uhuru, iliyohusu sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, iliamuliwa hapa Mombasa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi mwaka 2020. Wakazi wakaamuliwa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa kesi ikafika hadi Mahakama ya Juu. Ila kesi ile ilifunguliwa 2016, kwa hivyo usiianze peke yako wala mikono mitupu. Anza na malalamiko ya maandishi kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira, ambayo ina uwezo wa kumwamuru mchafuzi arejeshe mazingira katika hali yake, na udai nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Na kama wale wa Mikindani watakuwa wameshajaza daftari lao, waombe wakuonyeshe namna walivyoliandika.