Boraksi Haiharibiwi na Unyevu wa Malindi

Mtu anayeishi karibu na bahari hufundishwa mapema kukikinga kila kitu cha thamani na unyevunyevu, na kwa muda mrefu nami niliyatunza madini yangu kwa kanuni hiyo. Ndiyo iliyonipotezea fuwele yangu ya kwanza ya boraksi, madini yaangavu yanayoyeyuka majini kama chumvi.

Niliipata kwa binamu yangu anayefanya kazi Marekani, aliyeileta kutoka mgodi wa Boron katika jangwa la California. Ilikuwa na urefu wa kidole gumba, ikang'aa mfano wa shabu, na nilipoishika niliiona nyepesi kuliko jiwe lolote la ukubwa wake. Fuwele za namna hii hazichimbwi, bali hujijenga baada ya uchimbaji, pale maji yanapopita katika mwamba uliovunjwa, yakaiyeyusha boraksi na kutuama shimoni. Maji ya moto huibeba boraksi mara kadhaa zaidi ya maji ya baridi, kwa hiyo yanapopoa ile iliyozidi huganda taratibu. Aliyeona mashamba ya chumvi ya Gongoni asidhani ni jambo lile lile, kwa kuwa chumvi hungoja jua liyakaushe maji, ilhali boraksi hutosheka na baridi.

Niliitia ndani ya kopo pamoja na vifuko viwili vya silika, zile chembe za kunyonya unyevu, nilivyovitoa kwenye boksi la viatu. Baada ya wiki chache kingo zake zilikuwa zimepauka, na nilipoipapasa, unga mweupe kama wa chaki ulinibakia kidoleni. Boraksi hushikilia molekuli 10 za maji ndani ya umbile lake. Hewa ikiwa kavu mno huyaachia nusu yake, ikageuka madini mengine yaitwayo tinkalkonaiti, na uangavu ukishatoka haurudi. Kwa mikono yangu mwenyewe nilikuwa nimeitengenezea jangwa ndani ya kopo.

Kwa hiyo boraksi iwekwe katika chupa ndogo inayofungika barabara, bila silika, mbali na jua na mbali zaidi na chumba chenye kiyoyozi. Isikae pamoja na fuwele za chumvi, ambazo wakati wa masika hulia machozi na huhitaji silika hiyo hiyo. Kernaiti, ndugu ya boraksi, nayo ina kawaida ya kinyume: ina molekuli 4 tu za maji, hunywa maji ya hewani na kuishia kuwa unga ule ule. Anayeanza namshauri aanze na kolemanaiti, madini mengine ya jamii hiyo, ambayo ni ngumu zaidi na haisumbui.

Vumbi liondolewe kwa brashi laini. Ikibidi kuosha, maji ya bomba yataila. Iyeyushe boraksi ya unga katika maji mpaka nyingine ibaki chini haiyeyuki, uyaache yapoe kabisa, uichovye fuwele mara moja na kuikausha kwa kitambaa. Watoto wasiifikie, maana kwa macho ni sukari, na ikiliwa ni sumu.

Fuwele yangu ya pili nimekaa nayo tangu masika ya mwaka juzi, ndani ya chupa ya jamu. Kibandiko nilikibandika upande wa nyuma, na hadi leo nakisoma kupitia ubavu wake.