Kuhusu mwisho wa Sairat

Ndugu, umeuliza kama ilikuwa lazima filamu ya Sairat iishie kwa uchungu kiasi kile. Naamini ilikuwa lazima. Nagraj Manjule, aliyeiongoza mwaka 2016 kwa Kimarathi, lugha ya magharibi mwa India, anatujaza kwanza nyimbo na vicheko vya Archi, binti wa mwenye mashamba, na Parshya, mwana wa mvuvi wa tabaka la chini (tabaka la kuzaliwa nalo, yaani "caste"), hata tunasahau kwamba mapenzi yao yana maadui. Ndiyo maana muziki unapokatika kabisa, na mtoto wao akatoka nje akiacha nyayo za damu ya wazazi wake waliouawa, hatuna pa kukimbilia. Dhadak, toleo la Kihindi la mwaka 2018, lilififisha suala la tabaka, na kwa maoni yangu hapo ndipo lilipopoteza uzito wake.