Kiwanja cha kwanza kwa fedha kidogo

Fedha ya kwanza niliyoweka kwenye ardhi ilipotea yote. Nilidunduliza miaka mitatu kwenye kikoba, nikanunua eneo la hatua 20 kwa 20 Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam. Muuzaji alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake, tukaandikiana mbele ya mashahidi. Siku nilipoteremsha tripu ya kwanza ya mchanga, wakatokea dada zake wawili. Eneo lilikuwa la marehemu baba yao, mirathi haijafunguliwa. Kaka yao hakuwa na cha kuniuzia.

Ndiyo maana mtu akiniuliza aanzie wapi na milioni mbili, sianzi na maeneo yanayopanda bei. Namuuliza ametenga kiasi gani cha kuhakiki. Tajiri akitapeliwa kiwanja kimoja anacho kingine. Sisi tunarudi miaka mitatu nyuma.

Cha pili nilinunua Vikindu, wilaya ya Mkuranga, kwa awamu za miezi 18. Hiki kilikuwa kimepimwa. Nilichukua namba ya kiwanja na ya kitalu, nikaenda nazo ofisi ya ardhi kuuliza kimesajiliwa kwa jina la nani na kama kinadaiwa kodi ya pango la ardhi. Kisha nikarudi peke yangu, bila dalali, nikapiga hodi kwa majirani wa pande zote. Bibi mmoja alinieleza historia ya kiwanja kile tangu kikiwa shamba la mihogo. Hakuna faili lingenipa hayo. Na muuzaji akiwa na mke, mke naye asaini. Ikiwa ni nyumba ya familia, Sheria ya Ndoa ya 1971 inadai ridhaa yake.

Kwenye mkataba wa awamu, soma kwanza kipengele cha kuchelewa. Wangu ulisema nikikosa miezi miwili, kiwanja kinarudi na fedha hairudi. Nilikataa kusaini mpaka tukakubaliana faini. Nikashukuru baadaye, maana Januari ya ada za shule ilinikuta sina kitu.

Nilipomaliza kulipa sikukimbilia kujenga nyumba. Kiwanja kinatazama barabara, nikajenga fremu moja ya duka. Mama muuza nafaka akalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na kodi ile ndiyo iliyonunua mabati ya fremu ya pili.