Ganzi ya vidole vya miguu: angalia kwanza imeshika wapi

Mtu akisema vidole vyake vya miguu vina ganzi, huambiwa haraka, "Damu haitembei, meza vitamini." Mimi nakusihi uichunguze ganzi yenyewe kwanza. Iko mguu mmoja au yote miwili? Imeshika vidole vipi?

Yangu ilianzia kwenye ncha za vidole vya miguu yote miwili, ikapanda polepole hadi nyayoni. Ganzi ya namna hiyo mara nyingi ni ya neva, yaani mishipa ya fahamu, kwani neva ndefu kuliko zote ndizo zinazofika huko, nazo huumia mwanzo. Kisukari ndicho kinachoongoza, na huweza kuziharibu kabla mtu hajajua kuwa anacho. Pia kuna pombe ya miaka mingi, ugonjwa wa figo, na dawa kama isoniazidi ya kifua kikuu, ndiyo maana wengi hupewa pamoja na vitamini B6.

Daktari aliniambia nifumbe macho, akawa ananigusa nyayo kwa uzi mgumu wa nailoni, nami niseme "ndiyo" kila nikihisi. Kwenye kidole gumba nilinyamaza nikimngoja aanze, kumbe ameshagusa na kumaliza. Nina kisukari, kwa hiyo ingekuwa rahisi kuishia hapo. Lakini nilikuwa natumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka, na dawa hiyo huweza kushusha vitamini B12. Kipimo cha damu kilionyesha iko chini, nikaanzishiwa sindano. Kama unatumia metformini, omba kipimo hicho, wala usiache dawa kwa uamuzi wako. B12 ikiwa chini, vidonge vya foliki (vitamini B9) peke yake vinaweza kuficha upungufu wa damu unaotokana nayo, huku neva zikiendelea kuharibika.

Mguu mmoja ni habari nyingine. Maumivu yakitoka kiunoni au takoni hadi kidoleni, huenda neva imebanwa mgongoni. Ganzi kati ya kidole cha tatu na cha nne, inayozidi ukivaa viatu vya kubana, mara nyingi ni neva ya hapo hapo iliyobanwa. Mguu wa baridi, unaouma ukitembea na kutulia ukisimama, hapo ndipo pa kushuku mishipa ya damu.

Ganzi ikija ghafla upande mmoja pamoja na mdomo kupinda, ikishika sehemu za siri na mkojo ukagoma, au mguu ukipauka ghafla na kuuma, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Wakati unasubiri majibu, kagua nyayo kila jioni, na maji ya moto yapime kwa kiwiko.