Punguzia Matairi ya Mbele Kazi: Kwa Anayeanza Mbio za Koni na Gari Lake la Kila Siku

Wengi wanaojiunga nasi hapa Dodoma huja na gari lile lile wanaloendea kazini: IST, Vitz, Runx, Raum, na mara chache Starlet ya zamani iliyotunzwa vizuri. Karibu yote haya yanavuta kwa magurudumu ya mbele, na malalamiko baada ya mzunguko wa kwanza hayatofautiani: nimekata usukani, gari limekataa kuingia. Kabla ya dawa ni vyema nieleze ugonjwa, kwa kuwa mimi mwenyewe nilitumia karibu mwaka mzima, na fedha ambazo sipendi kuzihesabu, nikitibu mahali pasipouma.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Koni hupangwa kwenye uwanja mpana wa lami au zege, kwa ruhusa ya mwenye uwanja, kisha gari moja moja hupita njia iliyopangwa huku saa ikihesabu. Mzunguko huchukua chini ya dakika moja, mwendo hauzidi sana ule wa gia ya pili, na sisi tumefuata kanuni ya klabu ya SCCA ya Marekani ya kuongeza sekunde 2 kwa kila koni inayoangushwa. Kwa mwendo huo nguvu ya injini haikusaidii sana. Kinachokusaidia ni jinsi gari linavyogeuka, na hapo ndipo gari linalovuta kwa mbele linapoanza kulia.

Mshiko wa tairi ni kama mshahara wa mwezi: ni kiasi kimoja, na ukiutumia wote kwenye kodi ya nyumba, ada ya shule itakosa. Katika gari la namna hii injini, gia boksi na vyote vinavyoambatana navyo vimekaa mbele, kiasi kwamba matairi mawili ya mbele hubeba zaidi ya nusu ya uzito, mara nyingi karibu asilimia 60 au zaidi. Matairi hayo hayo ndiyo yanayogeuza gari, ndiyo yanayolivuta, na ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Ya nyuma yanafuata tu kama tela. Ukiingia kwenye kona kwa kasi, ukakata usukani na kukanyaga mafuta kwa pamoja, umeyaomba matairi ya mbele mishahara miwili kwa mwezi mmoja. Kila jambo nitakaloeleza hapa chini, liwe la dereva au la fundi, lina lengo moja tu: kuyapunguzia matairi ya mbele kazi, au kuyalazimisha ya nyuma yachangie.

Anza na mikono yako, kwa sababu haina gharama. Siku moja nilikaa na kijana aliyekuwa na Vitz, na kwenye kona ya pili gari likaanza kuteleza kuelekea nje. Akaongeza usukani. Gari likazidi kwenda nje, naye akaongeza tena, hadi mikono ikapishana kifuani. "Kaka, nimekata hadi mwisho!" akasema. Nikamwambia ndiyo sababu haligeuki. Tairi linapopindishwa kupita kiasi huacha kushika na huanza kujikwangua, na sikio lako litakuambia kabla ya macho: linaposhika vizuri hunguruma kwa sauti nzito, na linapozidiwa hupiga kelele nyembamba. Ukisikia kelele hiyo, rudisha usukani kidogo na upunguze mafuta kidogo, hata kama moyo unakataa. Mzunguko uliofuata alifunga breki mapema, akiwa bado amenyoosha, akageuka mara moja tu, na akasubiri hadi pua ya gari ilipotazama mahali pa kutokea ndipo akarudisha mguu kwenye mafuta. Alipunguza zaidi ya sekunde 2 bila kununua hata bolti.

Baada ya mikono ni upepo. Sizungumzii upepo wa Dodoma, ambao una kazi yake ya kuzoa mchanga na kuutandaza juu ya lami tuliyokwisha kuifagia, bali upepo wa ndani ya matairi. Kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinaonyesha kiwango cha barabarani, na kwa magari ya Kijapani mara nyingi kimeandikwa kwa kPa. 220 ni sawa na psi 32 hivi. Kiwango hicho kimepangwa kwa ajili ya starehe na safari, si kwa kona kali zinazofuatana, kwa hiyo ubavu wa tairi la mbele hulala na gari huishia kutembelea ukuta wa tairi badala ya uso wake. Chukua chaki na uchore pembetatu ndogo kwenye bega la kila tairi, ncha ikielekea chini kwenye ubavu. Piga mzunguko mmoja, shuka, utazame. Chaki ikifutika hadi kupita ncha, upepo ni mdogo. Ikibaki nzima hadi ukingoni mwa uso wa tairi, umezidisha. Ongeza au punguza psi 2, rudia, utazame tena.

Kwa gari langu, ambalo ni IST yenye matairi ya kawaida ya barabarani, niliishia psi 38 mbele. Nyuma niliweka 41. Usishangae kuona nyuma kumezidi mbele: huko nyuma hatutafuti mshiko zaidi, tunataka tairi la nyuma liachie mapema kidogo ili mkia usaidie kugeuza gari. Namba hizo ni za gari langu na matairi yangu. Usizinakili, na usivuke kamwe kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe. Kumbuka pia kwamba upepo huongezeka kadiri tairi linavyopata joto, takriban psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, kwa hiyo kipimo cha saa moja asubuhi ya mwezi wa Julai si kipimo cha saa sita mchana. Na mgeni anayetoka Dar es Salaam apime upya akifika: Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya nje ikiwa nyepesi, geji itasoma karibu psi 2 zaidi ya ilivyosoma pwani, hata kama hakuna aliyegusa tairi.

Sasa nieleze kosa langu. Magari mengi madogo hapa nchini yamenyanyuliwa kwa spesa zinazowekwa juu ya shokapu ili tumbo lisigonge matuta na makorongo, na langu lilikuwa hivyo. Niliziondoa, na hilo lilikuwa jambo jema, kwa kuwa gari lililonyanyuliwa hulala zaidi kwenye kona. Tatizo ni kwamba sikuishia hapo. Nilikwenda gereji moja, nikaomba springi za mbele zikatwe mzunguko mmoja na nusu, kwa imani kwamba gari likikaa chini litashika zaidi. Lilipendeza kulitazama. Uwanjani likawa baya kuliko siku liliyokuwa na spesa, na kwa miezi kadhaa nililaumu matairi.

Sababu niliielewa nilipolala chini ya gari na tochi. Mkono wa chini unaoshika gurudumu la mbele, ambao kwa kawaida hukaa karibu sambamba na ardhi, sasa ulikuwa umepanda kuelekea nje. Gari lilipolala kwenye kona, mkono ule ulivuta sehemu ya chini ya gurudumu kuingia ndani, tairi likasimama kwenye bega lake la nje, na shokapu ikafika mwisho wa safari yake hadi kugonga mpira wa kuzuia. Mpira ule ukigongwa, ule mwisho wa gari unakuwa mgumu ghafla kama jiwe, na matairi yake huachia. Nilikuwa nimelipia kuongeza ugonjwa ule ule nilioujia. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: ondoa spesa kama zipo, rudisha springi za kiwandani au ununue fupi zilizotengenezwa hivyo, na usikate springi.

Vitu vilivyochakaa sitavizungumzia kwa urefu, ingawa ndivyo vya kwanza kukaguliwa. Shokapu iliyokufa, bushi za mkono wa chini zilizopasuka, boli jointi na tairodi endi zenye kucheza, na maunti za injini zilizolegea vitafanya kila marekebisho mengine yasieleweke. Mwombe fundi aingize mtaimbo na kuzitikisa bushi mbele ya macho yako. Shokapu za mtumba uzinunue kwa tahadhari. Ukibonyeza fito ya shokapu ya gesi na ikakosa kurudi yenyewe, au shokapu yoyote ikiwa na unyevu wa mafuta, iache mezani.

Marekebisho yaliyobadilisha gari langu kuliko mengine yote yalikuwa ya nyuma, na hapa naomba subira kidogo, kwa sababu maelezo yake yanakwenda kinyume na fikra za kawaida. Gari likikata kona, uzito huhama kutoka matairi ya ndani kwenda ya nje. Jumla ya uzito unaohama huamuliwa hasa na kasi ya kona, urefu wa gari kwenda juu na upana wake, lakini mgawanyo kati ya mbele na nyuma huamuliwa na upande upi ni mgumu zaidi: upande mgumu hubeba sehemu kubwa ya uhamisho huo. Tena, tairi likiongezewa mzigo mara mbili, mshiko wake hauongezeki mara mbili. Unaongezeka pungufu ya hapo. Kwa hiyo matairi mawili yaliyogawana mzigo karibu sawa hushika zaidi kuliko mawili ambayo moja limeelemewa na jingine linaelea. Ukiifanya nyuma kuwa ngumu, kwa kufunga stabilaiza nene zaidi (fito ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale sana) au kuongeza moja kwenye ekseli ya nyuma isiyokuwa nayo, unaihamishia nyuma kazi ya kubeba uhamisho, na matairi ya mbele yanabaki na mzigo uliogawanyika vizuri. Faida ya pili ni kwamba tairi la mbele la ndani halizunguki bure unapotoka kwenye kona. Usiogope ukiambiwa kwamba gurudumu la nyuma la ndani limenyanyuka kidogo kama mbwa kwenye nguzo. Halikuwa na kazi kubwa pale.

Lakini gari la namna hiyo lina hasira. Ukiingia kwenye kona kwa kasi kisha ukaachia mafuta ghafla, uzito huhamia mbele, nyuma inakuwa nyepesi, na mkia unakuja. Uwanjani ndicho tunachokitaka kwa kipimo kidogo. Kwenye barabara ya Iringa wakati wa mvua za Januari ni jambo jingine kabisa. Ndiyo maana nashauri mgeni acheze kwanza na upepo wa matairi ya nyuma, ambao unarudishwa kwa dakika mbili, kabla ya kufunga chuma kitakachokaa kwenye gari siku zote. Mkia ukija, usikanyage breki: fungua usukani, ongeza mafuta kidogo, na magurudumu ya mbele yatalinyoosha gari.

Kwenye alaimenti, yaani kupanga mkao wa magurudumu, mwambie fundi mapema kwamba hutaki namba za kiwandani, la sivyo atakurudishia hizo hizo na kukutoza. Mbele tunataka magurudumu yaegemee ndani kwa juu, nyuzi 1.5 hadi 2, ili gari likilala tairi la nje lisimame wima. Magari mengi ya aina hii hayana marekebisho hayo, lakini zipo bolti zenye kitovu kilichopinda zinazofungwa pale shokapu inaposhikana na kitovu cha gurudumu. Pua za magurudumu ya mbele ziwe sambamba, au zifunguke milimita 1 au 2 kama gari haliendi safari ndefu. Anayekwenda Dar es Salaam kila mwezi atakula matairi upande wa ndani.

Difu yenye kufunga, inayozuia gurudumu moja kuzunguka bure, ni nzuri na ni ghali, iache. Chujio la hewa na bomba la moshi lenye kelele havitakuongezea kitu cha maana, hasa kwenye mwinuko huu, ambako injini isiyo na tabo tayari imepoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Kwa gari la otomatiki, zima O/D (gia ya juu kabisa) na uweke leva ya gia kwenye 2, ili gia isibadilike katikati ya kona. Toa kila kitu kilicho huru ndani: niliwahi kuona chupa ya maji ya nusu lita ikibiringika hadi chini ya kanyagio la breki.

Badilisha kitu kimoja kwa siku, uandike kwenye daftari upepo, joto, muda na hali ya lami, kwa sababu kumbukumbu hupenda kusifia kile ulichokilipia. Kama lami haijafagiliwa, muda wa siku hiyo hauna maana. Tunafagia kwa fagio la chelewa kabla ya mzunguko wa kwanza, na tunafagia tena upepo ukishapita. Kabla ya kuondoka kaza nati za magurudumu, futa chaki, na urudishe upepo wa kibandiko matairi yakishapoa, nyuma kwanza.